Ya Katuni au ya Watu? Swali Tunalolikosea Kuhusu Anime

Msimu wa pili wa One Piece, ile ya watu, yaani ya waigizaji badala ya michoro, Netflix waliupangia Machi 10, 2026. Kabla mtazamaji hata mmoja hajauona, msimu wa tatu ulishaidhinishwa tangu Agosti 2025. Kwa wapenzi wa anime, katuni za Kijapani, hili si jambo dogo. Miaka mingi ilikuwa kama sheria, wengine wakaiona laana: ukisikia hadithi unayoipenda inatolewa kwenye mchoro na kupewa waigizaji, jiandae kuumia moyo. Sasa sheria hiyo inaonekana imevunjika, na maelezo ya jinsi ilivyovunjika yameenea mitandaoni mpaka hakuna anayeyahoji tena. One Piece imefaulu, wanasema, kwa sababu ilifuata kitabu cha michoro ilikotoka, na kwa sababu mwenye kitabu, Eiichiro Oda, alikuwa na kauli ya mwisho. Wengine wanaongeza sababu ya tatu, nayo ni fedha.

Nadhani sababu zote tatu zimekosewa, na kosa hili lina madhara, maana watayarishaji watausoma ushindi huu kama mashabiki wanavyousoma, na filamu zijazo zitapikwa kwa mapishi hayo. Hoja yangu ni kwamba hakukuwa na laana yoyote, na wala utiifu kwa kitabu haukuiondoa. Katika manga, yaani vitabu vya hadithi za picha vya Kijapani, na katika anime, mstari wa kalamu una kazi. Unabeba kasi, uzito, ukimya, kicheko, hata muda wenyewe. Ukiuondoa ukamweka mtu mwenye nyama na mifupa, kazi ile inabaki haina mwenyewe. Filamu inayotambua kazi hiyo ilikuwa ipi na ikatafuta kitu kingine cha kuifanya, husimama. Inayonakili nywele na nguo peke yake huanguka, hata kama kila kitu kimefanana.

Nasema “ya watu” kwa makusudi. Wajapani wana neno lao, jisshaka. Sisi tuna swali la watoto, na linatosha: ni ya katuni au ya watu? Mpwa wangu wa darasa la nne humchora Luffy, haramia kijana wa One Piece, nyuma ya madaftari yake yote. Nilipomwekea ile ya watu kwa mara ya kwanza alitazama dakika chache, kisha akaniuliza, “Mjomba, mbona macho yake madogo?” Siku ile sikuwa na jibu, lakini swali lake nimekaa nalo. Iñaki Godoy, kijana wa Meksiko anayemwigiza Luffy, ana macho ya kawaida ya binadamu. Macho ya Luffy wa mchoro ni miduara mikubwa yenye vitone, inayopanuka kama sahani akiona nyama na kufungwa kama nyuzi mbili akicheka. Mtoto hakuwa analalamika kwamba mwigizaji hafanani na picha. Alikuwa anatafuta mahali ilipohamia ile furaha iliyozoea kukaa machoni.

Kabla ya kumjibu, tuiangalie hesabu, kwa sababu imani ya laana imejengwa juu ya hesabu mbovu. Manga ni njia ya kusimulia, kama riwaya ilivyo njia. Ziko manga za mapishi, za mpira, za ofisini, za mapenzi ya shuleni, za vita vya kale. Wajapani wamekuwa wakizigeuza kuwa za watu miaka nenda rudi bila mtu kutangaza muujiza. Mwaka 1972 zilianza filamu za Lone Wolf and Cub, sita ndani ya miaka mitatu, na mwaka 1973 ikatoka Lady Snowblood; zote zimetokana na hadithi za Kazuo Koike, mwandishi wa manga. Nodame Cantabile, hadithi ya wanafunzi wa muziki, iliingia kwenye televisheni ya Japani mwaka 2006 ikapendwa mno. Manga ya Yaro Abe kuhusu mgahawa mdogo wa Tokyo unaofunguliwa usiku wa manane imekuwa tamthilia tangu 2009, na huko hakuna anayeruka, hakuna anayelipuka. Kuna mpishi, kaunta na wateja wenye ya moyoni.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Hana Yori Dango. Yoko Kamio alianza kuichora mwaka 1992. Taiwan waliigeuza tamthilia mwaka 2001, Japani mwaka 2005, Korea Kusini mwaka 2009, China mwaka 2018. Ile ya Korea ndiyo Boys Over Flowers. Wale wote waliokesha na DVD zake, wakiumia pamoja na Geum Jan-di kila alipoonewa na watoto wa matajiri, walikuwa wanatazama manga ya watu, na wengi wao mpaka leo hawajui. Hakuna aliyesema mchoro umeharibiwa, kwa kuwa hakuna aliyehisi kwamba kuna mchoro uliopungua. Katika hadithi ya mapenzi ya shuleni kazi kubwa ya mstari ni uso: aibu, machozi yanayozuiwa, ule ukimya kabla ya neno la kwanza. Kazi hiyo mwigizaji mzuri anaiweza, pengine kuliko kalamu. Lakini tunapohesabu filamu za anime zilizofeli na zilizofaulu, hizi hatuziweki kwenye mizani kabisa. Tunahesabu zile zenye majini, panga na roboti, kisha tunahukumu manga yote.

Hata hivyo aibu zenyewe zipo, na ni za kweli. Dragonball Evolution ya mwaka 2009 ilimchukua Goku, mtoto aliyekulia mlimani asiyejua mwanamke ni nini, ikamfanya mwanafunzi wa sekondari ya Marekani mwenye matatizo ya kupendwa darasani. Akira Toriyama, mchoraji wa manga ya Dragon Ball, alieleza baadaye kwamba alitoa ushauri na hakusikilizwa, na mwaka 2016 mwandishi wa filamu hiyo, Ben Ramsey, aliwaomba radhi mashabiki hadharani, akikiri kwamba aliifuata kazi ile kwa ajili ya malipo. Death Note ya Netflix, mwaka 2017, ilihamishiwa Seattle, na yule kijana mwenye akili baridi inayotisha akawa mtu wa kupiga kelele. Cowboy Bebop ya watu ilitoka Novemba 19, 2021. Desemba 9 ikafutwa, siku ishirini tu. Shinichiro Watanabe, muongozaji wa anime ya mwaka 1998, alisema aliletewa video ya mwanzo ili aitazame, na hakuweza kwenda mbele zaidi ya tukio la kwanza. Ukiwa shabiki, orodha kama hii inakufanya uamini laana.

Lakini ili kujua kilichozifelisha, inabidi turudi kwenye kazi ya mstari, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ndipo mambo yote yalipo. Januari 1, 1963 mchoraji Osamu Tezuka alianza kurusha katuni ya Astro Boy kwenye televisheni ya Japani kila wiki. Fedha haikutosha na muda haukutosha kuchora kama wachoraji wa Disney. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24. Timu ya Tezuka ilishika mchoro mmoja kwa fremu tatu au zaidi, ikautuliza mwili na kusogeza mdomo peke yake, ikarudia michoro ileile katika matukio tofauti, ikaacha uso mmoja umesimama huku mistari ya kasi ikipita nyuma yake. Ilikuwa njia ya kubana matumizi, na baada ya miaka michache ikawa lugha. Watoto wa Japani, na baadaye watoto wa dunia nzima, wakajifunza kwamba uso uliotulia kabisa ndio wenye hisia kali kuliko zote, na kwamba muda unaweza kusimama bila mtu kuuliza.

Ndiyo maana katika anime mtu anaruka, anakaa hewani, anakumbuka maneno ya marehemu mama yake, anamtajia adui jina la pigo atakalompiga, kisha ndipo anashuka. Katika Dragon Ball, adui Frieza anasema sayari ya Namek itapasuka baada ya dakika tano, na dakika hizo zinakwenda sehemu baada ya sehemu, nasi tulikaa tukizisubiri bila kuona ajabu. Kwenye karatasi mambo ni ya ndani zaidi, kwa kuwa msomaji ndiye mwenye saa. Mchoraji anaweza kukupa kurasa tatu za maneno mengi, halafu unafunua ukurasa na kukuta picha moja tu imechukua kurasa mbili, haina neno. Ule mkono wako unaofunua ni sehemu ya hadithi. Mwili wa mwigizaji una saa yake, na saa hiyo haina huruma. Mtu akiruka lazima ashuke. Akisimama kimya kwa sekunde kumi mbele ya kamera, tunaanza kujiuliza kama amesahau maneno.

Kwa hiyo wale wanaosema kwamba jambo hili haliwezekani hawasemi ovyo. Hoja yao ndiyo yenye uzito kuliko zote za upande ule: mchoro hauna mvutano wa ardhi wala uchovu, na mtu anavyo vyote viwili, basi unapomvalisha mtu vituko vya mchoro, unapata mtu aliyevaa wigi. Nakubaliana nao mpaka hapo. Ninapoachana nao ni pale wanapodhani kwamba uzito na uchovu wa mwili ni hasara tupu. Mwili unaweza kulipa deni lile kwa sarafu yake yenyewe.

Tazama Rurouni Kenshin ya Keishi Otomo, ya mwaka 2012. Kwenye kitabu kasi ya Kenshin, shujaa mwenye upanga, ni nafasi tupu. Humwoni akienda, unaona alipokuwa, halafu unaona alipo, na katikati kuna mistari. Otomo na msimamizi wake wa mapigano, Kenji Tanigaki, wangeweza kuichora kasi hiyo kwa kompyuta. Badala yake walimkimbiza Takeru Satoh. Angalia anavyoinama hadi mwili unakaribia kulala, miguu inavyokwaruza vumbi anapokata kona, anavyopita chini ya upanga wa mtu wa kwanza huku kichwa kikiwa kimeshamgeukia wa tatu. Unasikia nyayo na pumzi. Kile ambacho mstari ulikuwa unakuambia, kwamba huyu mtu hashikiki, sasa unaambiwa na misuli ya mtu halisi, na unaamini zaidi kwa sababu unaona kwamba angeweza kuanguka. Zilitoka filamu tano, ya mwisho mwaka 2021.

Au chukua Oldboy ya Park Chan-wook, ya mwaka 2003, iliyopata tuzo ya Grand Prix huko Cannes mwaka 2004. Wengi hawajui kwamba ni manga ya Kijapani ya Garon Tsuchiya na Nobuaki Minegishi. Park alibadilisha mengi. Miaka kumi ya kifungo ikawa kumi na tano, na sababu ya mtu yule kufungwa ikawa nyingine kabisa. Ila kuna lile tukio la korido. Oh Dae-su ana nyundo, mbele yake na nyuma yake wamejaa wahuni, na kamera imekaa ubavuni ikiwafuata taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, bila kukata, kama kidole kinachofuata ukanda wa picha kwenye karatasi. Anapigwa, anainuka, kisu kimekwama mgongoni, anaegemea ukuta apate pumzi, nao wanachoka wanamsubiri. Mchoro usingeweza kuchoka hivyo. Hapo mwili umeleta kitu ambacho kalamu haikuwa nacho.

Ukishayaona hayo mawili, hoja ya fedha inabaki haina miguu, nami naiona ndiyo dhaifu kuliko zote. Ghost in the Shell ya mwaka 2017 ilitengenezwa kwa takribani dola milioni 110. Mji wake unang'aa, kila fremu imelipiwa, na matukio kadhaa ya anime ya Mamoru Oshii ya mwaka 1995 yamerudiwa karibu kama yalivyo: kuruka kutoka juu ya jengo, mapigano ndani ya maji yasiyo na kina. Mapato yake ya dunia nzima yalikuwa kama dola milioni 170, ambayo kwa filamu ya gharama ile ni hasara. Kilichokosekana hakinunuliki. Oshii alikuwa ameacha dakika nzima za mvua, mifereji na majengo bila mtu kusema neno, ili wewe mtazamaji uanze kujiuliza pamoja na mhusika, mwenye mwili wa mashine, kama ana roho. Filamu ya watu iliona ukimya ule kama pengo, ikaujaza maelezo.

Fedha ina msaada pale inapoelekezwa kwenye kazi yenyewe. Alita: Battle Angel ya Robert Rodriguez, mwaka 2019, iligharimu zaidi, nayo iliamua kulijibu swali la mpwa wangu moja kwa moja: wakayapanua macho ya mwigizaji Rosa Salazar kwa kompyuta yakawa makubwa kama ya mchoro. Wengi walicheka trela ilipotoka. Mimi naona ulikuwa uamuzi wenye akili, maana Alita ni ubongo wa msichana ndani ya mwili wa mashine, na macho yale yanakukumbusha kila sekunde kwamba huyu si wa kawaida na bado anaona dunia kwa mshangao kuliko binadamu waliomzunguka. Yangewekwa kwa Luffy, mtu wa baharini anayecheka na kila mtu, yangetisha.

Sasa tuje kwenye utiifu, maana hapa ndipo kosa kubwa lilipo. Kama kufuata kitabu kungetosha, Cowboy Bebop ingefaulu. Suti ya buluu ilikuwepo. Yoko Kanno, mtunzi wa muziki wa mwanzo, aliitwa tena. Utangulizi wake ulipigwa upya karibu picha kwa picha. Lakini sehemu za anime zilikuwa za dakika ishirini na kitu, fupi kama wimbo, zikikuacha na upweke baada ya kwisha; za watu zikanyooshwa hadi karibu saa nzima, na muda ulioongezeka ukajazwa mazungumzo. Fullmetal Alchemist ya Japani, mwaka 2017, iliyashika mavazi ya kitabu kwa uaminifu mkubwa, koti jekundu na nywele za manjano, na macho yangu hayakuweza kuacha kuliona wigi. Mtunzi kuwemo nako si kinga. Filamu za Attack on Titan za mwaka 2015 zilibadilisha hadithi kwa baraka za Hajime Isayama mwenyewe, na mashabiki wengi bado walizikataa.

Na hiyo One Piece inayosifiwa kwa utiifu, itazame vizuri. Msimu wa kwanza ulitoka Agosti 31, 2023, sehemu nane, na umepangua kitabu mno. Haramia Don Krieg, ambaye kwenye manga ana vita ndefu pale kwenye mgahawa wa Baratie, hapa anamalizwa na mpiga upanga Mihawk mapema tu. Arlong, haramia mwingine, anafika Baratie, mahali ambapo kitabuni hakufika. Hatchan, pweza mwenye mikono sita, hayupo. Garp wa jeshi la majini anaanza kumwinda Luffy tangu mwanzo na undugu wao unafichuliwa ndani ya msimu uleule, wakati wasomaji wa manga walisubiri sura zaidi ya mia nne. Ni kweli Oda aliandika kwamba Netflix wamekubali kutoitoa mpaka yeye aridhike. Lakini tuangalie aliridhika na nini: na hadithi yake iliyokatwa, ikashonwa upya.

Kilichohifadhiwa ni kazi, na kazi ya mstari wa Oda ni ukarimu. Dunia yake imejaa vitu ambavyo ungetaka kuvishika. Kule Cape Town, Afrika Kusini, walikopigia, meli zilijengwa kwa ukubwa wake wa kupandika, na wale konokono wanaotumika kama simu wakawa vikaragosi halisi vinavyosogeza macho mbele ya mwigizaji. Godoy naye hakuyapanua macho. Furaha ile aliihamishia mabegani, kwenye shingo anayoitanguliza mbele kila mtu anapoongea naye, kwenye mdomo usiofunga. Hilo ndilo jibu la mpwa wangu, nililolikosa siku ile. Ilihamia mwili mzima.

Kuna tukio moja ninalolirudia. Msichana Nami, wa kundi la Luffy, anajichoma kisu begani, palipo na alama ya Arlong, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka Luffy anaushika mkono wake. Anamwomba msaada. Luffy anavua ile kofia ya majani ambayo haiguswi na mtu, anamvalisha, anaondoka. Kwenye manga jibu la Luffy ni ukelele wa maandishi yanayojaza ukurasa. Karatasi yenyewe inapiga kelele. Kwenye ile ya watu uzito umekaa kwenye vidole vya Emily Rudd, mwigizaji wa Nami, vinavyoishika kofia ile kichwani, na kwenye vijana wanne wanaotembea. Hakuna kompyuta pale, na si nakala ya ukurasa ule. Ni kazi ileile imefanywa na mtu mwingine.

Suala la rangi za waigizaji nalo husemwa juujuu, ama kwamba lazima wote wawe Wajapani au kwamba rangi haina maana. Ghost in the Shell haikukosea kwa sababu mwigizaji wake mkuu, Scarlett Johansson, ni Mzungu tu. Ilikosea kwa sababu hadithi yenyewe inafichua kwamba ndani ya mwili ule kuna Motoko, msichana wa Kijapani aliyechukuliwa akafutwa kumbukumbu, halafu filamu inaendelea kana kwamba hilo ni jambo dogo. One Piece ilikuwa na njia nyingine. Oda aliwahi kumjibu msomaji kwamba kama wahusika wake wangetoka kwenye dunia yetu, Luffy angekuwa Mbrazili, Zoro Mjapani, Nami Mswidi, Sanji Mfaransa, na Usopp angetoka Afrika. Jacob Romero, mwigizaji mweusi, alipopewa Usopp, ilikuwa ni kuusoma mchoro kwa makini. Nakumbuka nilivyofurahi.

Sisi wa Afrika Mashariki tulipaswa kulielewa jambo hili kabla ya wengi. Waliokulia kwenye vibanda umiza wanamjua Lufufu wa Dar es Salaam, na Wakenya wana DJ Afro. Filamu ilikuwa ya Kichina au ya Kihindi, na mtafsiri hakuwa anafasiri neno kwa neno. Alikuwa anaangalia tukio linafanya nini: linachekesha, linatisha, linamjenga steringi, kisha akaifanya kazi ile kwa mdomo wake, kwa misemo ya mtaani, kwa majina aliyoyabuni. Tulitoka mle tukiwa tumeiona filamu, wala hatukuhisi tumeona nakala. Mwalimu Nyerere alipofasiri tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice (Mfanyabiashara wa Venisi), mwaka 1969 na kuiita Mabepari wa Venisi, neno wafanyabiashara alikuwa nalo. Alichagua mabepari kwa sababu mwaka ule, nchi ile, ndilo lililobeba uzito. Unaweza kubishana na uchaguzi wake, lakini huwezi kusema hakujua anachofanya.

Imebaki hoja moja ninayoiheshimu: kwa nini tujisumbue? Anime imeshajitosheleza. Filamu ya Demon Slayer iliyotoka mwaka 2025, Infinity Castle, imeingiza zaidi ya dola milioni 600 duniani ikiwa katuni, bila kumhitaji mwigizaji yeyote asimame mbele ya kamera. Wanaosema hivyo wanaumizwa na ile dhana kwamba katuni ni rasimu, na kwamba hadithi haijakomaa mpaka iwe ya watu. Dhana hiyo naichukia pamoja nao. Ila sioni kwamba inafuata kuwa ya watu haina sababu ya kuwepo. Ina sababu pale tu inapoleta kitu ambacho kalamu haina, kama uchovu wa korido ile au vidole kwenye kofia ile. Mtayarishaji asiyeweza kutaja kitu hicho kabla ya kuanza, aiache hadithi kwenye karatasi. Hilo linamhusu wa Hollywood na wa Tokyo, na linamhusu pia kijana wa Dar mwenye kamera anayewaza kuwatoa Lodi Lofa na Madenge kwenye kurasa za gazeti la katuni la Sani. Asianze na kutafuta mtu anayefanana nao. Azisome zile picha mpaka ajue kilichokuwa kinatuchekesha kilikaa wapi.

Mimi msimu wa pili nitaungojea mahali pamoja. Kwenye kisiwa cha Drum kuna tabibu anayeitwa Hiriluk, ambaye elimu yake ya udaktari ni ya kubahatisha, na ana ndoto ya kuchanua maua ya mcheri katika nchi ya theluji. Anamlea Chopper, kulungu mdogo wa nchi za baridi (reindeer) mwenye pua ya buluu. Hiriluk anakufa bila kuyaona maua yale. Baadaye Dk. Kureha anaurusha angani kwa mizinga unga alioutengeneza Hiriluk, nayo theluji inashuka ikiwa ya waridi juu ya mlima mzima, Chopper analia. Kwenye anime rangi ilikuwepo. Kwenye kitabu, Oda aliichora kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe. Hapakuwa na waridi hata tone. Kila msomaji aliipaka mwenyewe, kwa huzuni aliyokuwa nayo tayari. Watengenezaji watakuwa na unga wa rangi, theluji ya bandia na kompyuta za kutosha kuijaza skrini nzima. Nataka kuona watampa nani kazi ile aliyokuwa akiifanya msomaji.